Modemu kwenye Dirisha la Eda

Siku ya hitma ya Mamkubwa, wanaume wakiwa barazani wanamalizia dua na sisi wanawake tumezunguka sinia za pilau ukumbini, simu ya Mishi, binti wa marehemu, ililia. Alikuwa mwanawe mdogo, aliyeachwa Ukunda kwa sababu ya homa. Mishi aliiweka simu sikioni akasema, "Naam, baba," na sauti ya mtoto ikatoka kwa nguvu hata waliokaa mbali wakaisikia: "Mama, hii ni ya video. Naona sikio lako tu." Wanawake wakacheka kile kicheko cha chini kinachoruhusiwa kwenye nyumba ya msiba. Mimi na Mishi hatukucheka. Tulitazamana juu ya sinia, yeye na simu mkononi, mimi na tonge ambalo halijafika kinywani, nikajua kwamba sote wawili tumerudi kwenye chumba kilichokuwa nyuma yangu, chumba cha mama yake, chenye dirisha linalotazama barabara ya Msambweni na, mlangoni, pazia la kijani lililopauka mpaka likakosa jina la rangi. Mtoto yule aliletewa sikio la mama yake papo hapo, bila taabu, wala hakujua kwamba ameona kitu. Mwaka niliokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, katika chumba kile, kuifikisha sauti moja kutoka ng'ambo kulikuwa kazi ya juma zima, na juma lile ndilo lililonitoa utotoni.

Mwaka huo nilikaa kwa Mamkubwa, dada mkubwa wa mama yangu, nikimsaidia kukaanga viazi vya karai huku nikisubiri nafasi ya chuo. Kabla ya hapo nilikuwa Shimoni, kwenye nyumba iliyopangwa na watafiti wa samaki. Asubuhi niliketi pale wavuvi wanapoteremshia samaki, nikipima changu na tafi na pono. Mchana niliingiza vipimo kwenye kompyuta, chumba kizima kikinuka shombo na kahawa. Mradi ulipofungwa, mkuu wao, mwanamke mrefu aliyependa kutafuna mhogo mbichi, alinipa kompyuta moja kuukuu iliyochubuka pembeni. "Ina Linux, si Windows," aliniambia. "Haitakusumbua kwa virusi, lakini itakutaka uwe na subira." Nilidhani ni maneno ya kuagana tu. Niliibeba hadi Msambweni imefungwa kwa leso, nikaiweka juu ya kabati la vyombo, na kwa miezi kadhaa kazi yake ilikuwa kutuchezea kaswida wakati wa kuchambua mchele.

Mishi, binti pekee wa Mamkubwa, alikuwa amekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba. Wakala aliyempeleka aliletwa na Mjomba Bakari, ndugu yao mama zetu, aliyemleta kwa nia njema na suruali iliyopigwa pasi. Mwanzoni Mishi alipiga simu kila juma. Kisha simu zikapungua, kisha zikakoma, na namba ya wakala nayo ikawa haipatikani. Katikati ya kimya hicho baba yake Mishi aliugua kifua kwa siku chache tu, akafariki, na tukamzika bila binti yake kujua. Ndipo Mamkubwa akaingia eda.

Mwenye eda hatoki nyumbani mpaka miezi minne na siku kumi zipite. Hajipambi, hajifukizi udi, hatii wanja. Mamkubwa alivua vipuli vya dhahabu ambavyo sijawahi kumwona bila ya hivyo, hata akiwa jikoni, hata akiwa na homa, na matundu ya masikio yake, yaliyovutwa na uzito wa miaka, yakabaki wazi kama tundu za uzi kwenye nguo iliyofumuliwa. Kila nilipompelekea chai nilitazama pembeni. Ilikuwa kama nimemkuta hajavaa. Wanaume wasiokuwa maharimu wake, yaani ndugu asioweza kuolewa nao, hawakumwona kabisa; waliokuja kutoa pole waliketi ukumbini, naye akawajibu kutoka nyuma ya pazia la kijani, sauti yake ikipita kwenye kitambaa ikiwa imepungua kidogo, kama maji yaliyochujwa.

Jumatatu moja nilikwenda Ukunda kwenye saiba ya Njoro, duka la intaneti, kutazama habari za chuo. Njoro alikuwa mtu wa bara, wa Nyeri au Nyahururu, kila siku alitaja kwingine, na alikuwa amejifunza neno shikamoo akalipenda mno hata akamwamkia kila mtu, pamoja na mimi niliyekuwa mdogo wake. Nikafungua barua pepe nikamkuta Mishi. Alikuwa ameandika mistari michache. Simu wamemnyang'anya. Mtoto mkubwa wa nyumba ile anamwonea huruma, humwazima kompyuta yake. Ijumaa, baada ya swala, wenye nyumba watakwenda kwa bibi yao, naye atakuwa kwenye mtandao kwa muda mfupi. "Nataka nimsikie mama," aliandika. "Usinijibu kwa kuandika. Wanasoma."

Nilirudi na maneno hayo nimeyashika kichwani kama mtu aliyebeba maji kwa viganja. Mamkubwa aliyasikiliza amekaa kitandani, akanitaka niyarudie. Kulikuwa na kijana wa Mkwiro, mwana wa mwanamke aliyezoea kutuletea ngisi, aliyeendesha lori la maji katika mji ule ule aliopelekwa Mishi. Alikuwa ameshatuma salamu kupitia kwa mama yake: nipeni mtaa na alama ya nyumba, mimi na mke wangu tutafika. Mji tulikuwa nao. Mtaa hatukuwa nao. Basi tulichokitaka Ijumaa ile kilikuwa kitu kidogo kabisa, jina la mtaa, na hatukuwa na njia nyingine ya kulipata isipokuwa kwa kinywa cha Mishi mwenyewe.

"Aende Saumu Ukunda akazungumze naye," alisema Mjomba Bakari, akinionyesha mimi kwa kidole. Alikuwa amesimama mlangoni, hakutaka kuketi. "Mambo yaishe. Na asimtie hofu. Huenda mtoto ana kazi yake nzuri tu, nyinyi mkamharibia."

"Kaniita mimi," Mamkubwa alisema. "Akisikia sauti ya Saumu badala ya yangu, atajua kuna aliyekufa. Atajua akiwa peke yake, jikoni kwa watu, hana hata wa kumshika mkono. Baba yake nitamwambia mwenyewe, akiwa mbele yangu."

"Na kutoka huwezi."

"Kutoka siwezi. Basi hiyo intaneti ije hapa."

Njoro aliniuzia modemu ndogo nyeupe ya kuletea intaneti, mfano wa kiberiti kilichorefushwa. Dukani kwake aliichomeka kwenye kompyuta ya Windows, na kabla hajamaliza kuniuliza kama nimekula, ilikuwa imeshaunganika. Niliiona kwa macho yangu. Nilirudi nyumbani na moyo mwepesi, nikaichomeka kwenye kompyuta yangu juu ya kitanda cha Mamkubwa, maana dirisha lake pekee ndilo lililopata mtandao wa kutosha. Kwingine kote nyumba ile ya mawe ilikuwa kama kaburi kwa simu. Taa ya kijani ikaanza kupepesa. Kwenye kioo ikatokea picha ya diski. Si modemu, diski. Nikaichomoa, nikaichomeka tena. Diski. Nikampigia Njoro.

"Shikamoo, siste. Imeshika?"

"Inaniambia ni diski."

Njoro akacheka. "Hiyo kitu inajifanya. Ndani imebeba programu zake za Windows, sasa ikichomekwa inajitoa kama diski kwanza, ndio usome. Ikipata Windows inajigeuza modemu. Ikipata Linux inakaa hivyo hivyo, inangoja. Lazima uiambie."

"Niiambieje?"

"Kuna programu ndogo ya kuiambia. Inapatikana kwa intaneti."

Nikaitazama modemu. Naye akaguna, maana aliyasikia maneno yake mwenyewe.

Mamkubwa aliuliza kilichosemwa. Nikamwambia kwamba ili tupate intaneti tunahitaji kitu kilichoko ndani ya intaneti. Hakushangaa. Alikuwa mjane aliyefungiwa ndani akimsubiri binti aliyefungiwa ndani, na nadhani mantiki ya namna hiyo ilikuwa imeshamzoea. Jumatano nilikwenda Ukunda na flashi, Njoro akanishushia ile programu, nikarudi. Nilipotaka kuiweka, kompyuta ikakataa. Ikasema programu ile inahitaji nyingine kabla yake, nami sina. Jina la hiyo nyingine lilikuwa refu na lenye namba. Usiku ule tulikula mbaazi za nazi na mahamri, na nakumbuka hakuna aliyesifu mbaazi. Mjomba Bakari alikuja akala nasi. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba huenda ni heri isifanye kazi.

"Heri kwa nani?" Mamkubwa alimwuliza.

Mjomba alimega hamri, akalirudisha kwenye sahani.

Alhamisi Njoro alipiga simu mwenyewe. Alisema hawezi kulala kwa ajili ya kimodemu kile, kinamdharau, na kwamba kesho atafunga saiba aje. Akauliza pia kama tungependa Mishi atuone kwa kamera. Mjomba aliposikia hayo akapata uhai. Alikiendea kisanduku cha dhahabu kabatini, akavitoa vipuli, akavishika kwenye kiganja. "Vaa kwa hicho kitambo tu," alimwambia dada yake. "Mtoto akuone uko vilevile. Ukimaliza, vua."

Mamkubwa aliutazama mkono ule. "Eda si mchezo wa kuigiza, Bakari. Rudisha."

Nikawatuliza kwa kuwaambia kwamba kamera ya kompyuta ile haijawahi kuwaka tangu Shimoni. Linux haikuitambua, na watafiti walishaikatia tamaa. Hapatakuwa na picha. Mamkubwa akashusha pumzi. Nilijiona nimefanya jambo la maana.

Ijumaa Njoro alifika kabla ya adhana na pikipiki yake, flashi ikining'inia shingoni kama hirizi. Akasema shikamoo kwa pazia. Pazia likasema marahaba. Nilimtandikia mkeka ukumbini, nikamwekea chai ya tangawizi, naye akauliza kompyuta iko wapi ili aanze. Ndipo nilipomweleza. Kompyuta iko chumbani, kwa sababu mtandao uko dirishani; Mamkubwa yuko chumbani, kwa sababu ya eda; na yeye hawezi kuingia. Alifikiri kidogo, akanywa chai. "Sawa," alisema. "Nitakuwa kichwa, wewe utakuwa mikono." Na hivyo ndivyo tulivyofanya. Mimi niliketi kwenye ukingo wa kitanda, kompyuta mapajani, Mamkubwa kando yangu na tasbihi, Mjomba ameegemea ukuta. Na ng'ambo ya pazia, umbali wa mkono, mtu aliyejua kila kitu hakuona chochote.

"Flashi nimejaza kila kitu nilichopata," alisema. "Hiyo inayotakiwa, na zile zinazotakiwa na hiyo, na zingine za ziada za mashine kama yako. Ziweke zote. Fungua dirisha jeusi, lile la kuandikia amri. Andika sudo, halafu nafasi."

"Sudo ni nani?" aliuliza Mamkubwa.

"Ni kuomba ruhusa, mama. Ni kama kubisha hodi."

"Basi mbisheni vizuri."

Niliandika alivyonitajia, herufi kwa herufi, nikimsomea kila mstari uliorudi. Maneno yalishuka kwenye kioo kama mvua, mimi nikasoma kwa sauti kama mwanafunzi wa madrasa, na kila nilipokosea silabi Njoro alisema, "Rudia hapo." Msikitini hotuba ilikuwa imeanza, tuliisikia kupitia dirishani, na Mjomba, ambaye hajawahi kukosa swala ya Ijumaa, hakwenda. Hilo lilinitisha kuliko kompyuta.

"Sasa iambie itoe diski," alisema Njoro. "Halafu usiguse."

Nilibonyeza. Picha ya diski ikatoweka. Modemu ikazimika kabisa, hata taa ya kijani ikafa, na kwa kitambo hapakuwa na kitu. Mamkubwa alishika goti langu. Kisha taa ikarudi, ikiwa ya buluu.

"Buluu," nilisema.

"Imekubali," alisema Njoro, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelipiza kisasi.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi: kuchagua nchi, kuchagua kampuni ya simu, kuandika namba ya siri ya laini. Lakini mtandao ulikuwa dhaifu, ukishika na kuachia. Njoro akauliza kama tuna waya wa kurefusha, tukawa nao. Akauliza kama tuna kitu cha bati kilichobonyea katikati. Nikakimbilia jikoni nikaleta lile karai letu la viazi, jeusi kwa masizi. Mjomba akalifunga kwenye nondo za dirisha kwa kamba ya katani, modemu katikati yake, mdomo wa karai ukitazama mnara wa simu. Mistari ya mtandao ikapanda. Watoto waliokuwa wakipita barabarani wakasimama kutazama karai dirishani kwa mwenye eda, na mmoja akasema kwa sauti kuwa wanakaanga upepo.

Nikafungua programu ya kupigia simu mtandaoni. Jina la Mishi lilikuwa limepauka. Swala ikasaliwa, ikaisha. Watu wakapita wakirudi majumbani. Saa zao na zetu ni moja, kwa hiyo nao huko walikuwa wanatoka msikitini, wanaingia garini, wanakwenda kwa bibi yao au wameghairi. Kisha jina likakoza rangi, na kabla sijagusa kitu, likaita.

Nilipokea. Juu ya kioo pakawaka kitone cha taa ambacho sikuwahi kukiona, nikadhani ni betri. Dirisha jeusi lilikuwa bado limefunika sehemu kubwa ya kioo, nami sikuthubutu kulisogeza. Njoro alikuwa ameniambia nisiguse kitu wakati wa simu. Sauti ilianza kwa mikwaruzo, kisha ikatoka wazi, karibu mno, kama yuko chini ya kitanda.

"Asalaam alaykum, mama."

"Wa alaykum salaam, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Habari za huko?"

"Njema, alhamdulillahi."

Na sauti ikakatika.

Njoro alipiga makofi ukumbini. "Amesema njema. Si mmeskia? Yuko poa." Mjomba Bakari aliteleza ukutani mpaka akaketi sakafuni, akajifuta uso kwa kofia yake. "Umesikia, dada," alisema. "Njema. Umemsikia kwa masikio yako. Sasa tumwache mtoto na kazi yake."

Mamkubwa hakugeuka. "Hakumaliza."

"Njema ni njema."

"Bakari. Mtu wa kwetu akiulizwa habari na nyumba yake inaungua, husema nini?"

Mjomba alikunja kofia. Alijua. Sote tulijua, isipokuwa Njoro. Kwetu kwanza ni njema. Njema, na alhamdulillahi, ndipo hufuata neno ila, na nyuma ya ila ndipo habari yenyewe ilipo: njema, ila mama hawezi, njema, ila mashua haijarudi. Hakuna anayeanza na baya, ni kukosa adabu. Mishi alikuwa amekatwa kabla ya ila yake, na Mamkubwa alitaka kujua kama ilikuwapo.

"Irudishe," aliniambia.

Lakini modemu ilikuwa imerudia udiski wake. Labda joto, labda kamba ilitikisika. Taa ilikuwa ya kijani tena. Nikaandika amri upya, Njoro akinitajia herufi kutoka ng'ambo ya pazia na sauti yake sasa haina mzaha, maana alikuwa ameelewa. Nilikosea. Nikafuta. Nikakosea tena. "Pole pole," alisema. "Kama unaongea na mtoto." Diski ikatoka, taa ikafa, tukangoja, taa ikarudi buluu. Jina la Mishi lilikuwa bado na rangi. Nikaita. Kile kitone kikawaka tena juu ya kioo.

Alipopokea hatukusikia salamu, tulisikia kuhema. Na Mamkubwa, ambaye nilimwona akimwamkia hata mtu aliyekuja kumletea taarifa ya kifo cha mumewe, akamwuliza habari za wanawe kabla ya kupokea habari ile, aliinamia kompyuta akasema, "Mishi, mtaa gani?"

Sauti ya kuhema ikapotea. Nilidhani tumekatika tena.

"Mtaa gani, mwanangu. Sema upesi."

Akautaja. Akataja duka la dawa lililo mkabala, na shule ya wavulana yenye ukuta wa rangi ya manjano, na matangi mawili juu ya paa. Mjomba Bakari aliyarudia yote kwa sauti, neno kwa neno, akilia waziwazi, na ng'ambo ya pazia Njoro naye akayarudia, akiyaingiza kwenye simu yake. Kisha Mishi akasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, ya mtu mzima kuliko aliyeondoka, "Mama, pole."

"Tumeshapoa. Atakuja mtu, wa Mkwiro, na mkewe. Fungua ukisikia lafudhi ya kwetu."

"Pole, mama," alirudia, na simu ikakatika, haikurudi tena.

"Pole ya nini?" aliuliza Mjomba.

"Ya kututia wasiwasi," alisema Mamkubwa. Akaichukua tasbihi yake kutoka kwenye mtandio wake, akaanza upya.

Kijana wa Mkwiro aliipata nyumba. Siku walizochukua yeye na mkewe kumtoa Mishi pale na kumfikisha kwa watu wa ubalozi ni hadithi yao, na wanaisimulia vizuri kuliko mimi. Mjomba Bakari ndiye aliyekwenda kumpokea uwanja wa ndege Mombasa. Alimleta mpaka mlango wa ua, akabaki nje, kichwa chini, hakuingia. Mchana ulikuwa wa joto, nami nilikuwa nimeshapokea begi la Mishi, begi jepesi sana. Eda ilikuwa haijaisha. Mamkubwa alisimama ndani ya kizingiti, miguu yake imeugusa mstari asioruhusiwa kuuvuka. Nilidhani atamrukia. Badala yake aliinua mkono kumsimamisha Mishi palepale juani, mikono mitupu, kope zimevimba. Nikaelewa baadaye kwamba kulikuwa na jambo lililomkera tangu Ijumaa ile, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelikumbuka: katika simu ya pili alizungumza na mwanawe bila kumwamkia.

"Hujambo, Mishi," alisema.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Habari za safari?"

"Njema."

"Za huko utokako?"

"Njema, alhamdulillahi." Mishi alimeza mate. "Za hapa?"

"Njema," alisema Mamkubwa, na uso wake ukaanza kutetemeka, maana ndipo alipofika mahali alipopaogopa miezi yote ile. "Njema, mwanangu, ila baba yako..."

"Najua, mama. Niliyaona masikio yako."

Hatukuelewa mara moja. Kisha nikakiona tena kile kitone cha taa juu ya kioo. Katika yale yote ya ziada aliyotubebea Njoro kwenye flashi, mojawapo liliiamsha kamera iliyolala tangu Shimoni, na mtu pekee ambaye angejua taa ile ni ya nini alikuwa nyuma ya pazia akinywa chai. Picha mbili tu zilipita, Mishi alitusimulia, zote zimeganda. Ya kwanza, mama yake ameinamisha kichwa pembeni ili asikie vizuri, sikio moja limejaa kioo kizima, tupu. Ya pili, amegeuza upande mwingine, na sikio hilo nalo tupu. Alijua hapo hapo. Aliishi na sikio lile peke yake, jikoni kwa watu, mpaka alipotolewa.

Mamkubwa aliinua mikono yake yote miwili akayafunika masikio kwa viganja, kama mtoto asiyetaka kusikia. Mishi alivuka kizingiti, akaishika mikono ile, akaishusha taratibu.

"Na ila yako wewe?" mama yake alimwuliza.

Waliingia chumbani, na pazia la kijani likashuka nyuma yao. Nilibaki ukumbini na begi. Nilisikia kitanda kikilia, kisha sauti ya Mishi, ndogo, ikianza. Sijui alisema nini. Sikuuliza siku ile, na hata siku ya hitma, tulipotazamana juu ya sinia, sikuuliza. Nilitoka nje nikazunguka hadi dirishani. Karai lilikuwa bado limefungwa kwenye nondo, modemu ndani yake imetuama, bila taa. Nikaifungua kamba, nikaitia modemu mfukoni. Nikalipeleka karai jikoni, nikalisugua kwa jivu mpaka likang'aa, nikabandika mafuta, nikaanza kumenya viazi.